Diski Moja kwa Watu Wawili

Mama Tupokigwe alipotea katikati ya sentensi.

Alikuwa amesimama mlangoni pa Nyumba ya Kumbukumbu, pale Tukuyu, kitenge amekifunga juu ya sweta kwa sababu ya baridi, akimsimulia Subilaga, mtunzaji wa nyumba hiyo, jinsi mbwa wa jirani alivyoingia jikoni na kuondoka na nyama ya mchana. "Nikamwambia Gwamaka, we baba, kamata huyo..." Akanyamaza. Mdomo ukabaki nusu wazi. Macho yakamtazama Subilaga kama yanavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Subilaga alimshika kiwiko, akangoja.

"...kamata huyo mbwa kabla hajavuka uzio!" Mama Tupokigwe akamalizia, akacheka. Kisha akaona uso wa mwenzake. "Mbona unanitazama hivyo, mwanangu?"

"Hamna, mama. Ingia ndani, upate chai."

Alimkalisha karibu na jiko la mkaa, akaenda chumba cha nyuma.

Chumba kile kilikuwa na sauti moja tu, mvumo mzito kama wa mzinga wa nyuki, na Subilaga alikuwa ameusikiliza kwa miaka mingi kiasi kwamba akiwa likizoni alikosa usingizi. Diski zilipangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini. Kila diski ilikuwa mtu.

Homa ya ukungu ilipopita katika milima ya Rungwe haikuua wengi. Iliwaacha watu na nguvu zao na akili zao, ila hawakuweza tena kushika jambo kichwani, na yale waliyoyashika zamani yalianza kufifia siku hadi siku. Wataalamu waliwahi kuwaandika wengi wao kwenye diski kabla hayajafutika yote. Tangu hapo kila aliyeugua alivaa kipokezi kidogo kama punje ya haragwe nyuma ya sikio, na kumbukumbu zake zilikwenda na kurudi hewani kati ya kichwa chake na diski yake. Zilitumika diski za kuzunguka, za mtindo wa kale, kwa sababu wakati ule wa haraka ndizo zilizojaa kwenye ghala za ofisi na za maduka. Sasa hapakuwa na kiwanda kilichoendelea kuzitengeneza. Zilizokuwepo ndizo hizo.

Subilaga alichukua kijiti cha mti mkavu, akaweka ncha moja juu ya diski ya Mama Tupokigwe na nyingine sikioni. Diski za jirani zilivuma. Hii ilikuwa inasaga, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Beringi, kile kikalio cha mhimili unaozunguka, ilikuwa inakwisha.

*

Mchana ule ule Lwitiko alifika. Alikuwa mhandisi wa kituo cha umeme mtoni Kiwira, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, na kwa namna alivyovua kofia kabla ya kuketi Subilaga alijua amekuja na habari mbaya.

"Dada, maji yamepungua," alisema. "Mtambo mmoja tumeshausimamisha. Unaobaki unalisha mji mzima, na hospitali ina watoto wa kichomi wodi nzima, wanapumua kwa mashine za oksijeni. Jioni mashine zile na diski zako zinavuta kwenye waya mmoja. Haziwezi zote."

"Unataka nizime."

"Giza likiingia, hadi asubuhi. Watu wako watakuwa wamelala. Mtu aliyelala diski yake inazunguka ya nini?"

Lilikuwa swali la haki, na Subilaga hakulikasirikia. Alimpeleka kwenye meza ya kazi ambako kulikuwa na diski iliyokufa zamani, kifuniko kimeondolewa. Akamwonyesha sahani zake zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea.

"Hiki kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya upepo unaotokana na mzunguko. Na mhimili huu hapa katikati umebebwa na mafuta, tabaka jembamba sana. Mafuta yanaubeba pale tu unapokimbia. Ukizima, vyuma vinapoa na kusinyaa. Ukiwasha, vinapata moto na kutanuka, na mota inavuta nguvu nyingi kuliko wakati mwingine wowote ili kuzing'oa sahani pale zilipolala. Diski changa inavumilia hayo maelfu ya mara. Hizi zangu ni wazee, Lwitiko. Mzee anaweza kutembea kutwa nzima. Mkalishe kwenye kigoda, halafu mwambie ainuke."

"Na zikizunguka siku zote?"

"Zinamaliza beringi."

Lwitiko alikuna kidevu. "Kwa hiyo ukizima zinachakaa, usipozima zinachakaa."

"Ndivyo. Tunachochagua ni kuchakaa kupi."

Walikaa pale hadi chai ikapoa. Mwishowe Lwitiko alikubali kumwachia nusu ya umeme wa usiku, na Subilaga akakubali kuzipunguza diski mwendo badala ya kuzizima: vichwa vikae pembeni, sahani zizunguke polepole, mota isilazimike kuanza upya kila alfajiri. Yalikuwa mapatano mazuri. Watoto wangepumua na diski nyingi zingepona.

Nyingi, si zote. Mwendo wa polepole ulihitaji beringi nzima. Kwenye beringi iliyolika, mafuta yasingeubeba mhimili, chuma kingekaa juu ya chuma, na hapo ndipo ungekwama.

"Mgao unaanza lini?" aliuliza.

"Keshokutwa jioni. Nisamehe, dada."

*

Mama Tupokigwe na mumewe Gwamaka waliishi nyuma ya soko, katika nyumba yenye bustani ya maua ya kila rangi. Gwamaka alikuwa fundi seremala mstaafu. Homa iliwapata wote wawili wiki moja, wakaandikwa wakiwa kwenye vitanda viwili vilivyopakana.

Subilaga aliwaeleza yote bila kuficha. Kwamba diski ya mama haiwezi kuzimwa wala kupunguzwa mwendo. Kwamba hata akiiendesha kwa betri kila usiku, ule mlio wa kusaga haurudi nyuma; ingefika mvua za kwanza, pengine isifike. Na kwamba siku itakapokwama, mama angeamka asubuhi hamjui mumewe wala jina lake mwenyewe.

"Diski nyingine hakuna?" Gwamaka aliuliza.

"Tupu hakuna, baba. Lakini yako ni nzima, na ni kubwa kuliko ya mama. Haitoshi kubeba maisha mawili. Ila nyinyi mmeishi pamoja tangu ujana. Kuna miaka mingi ambayo imeandikwa mara mbili, mara moja kwake na mara moja kwako. Tukibakiza nakala moja ya kila jambo mlilokuwa nalo pamoja, mnaenea."

"Nakala ya nani?"

"Hilo mtachagua nyinyi. Mkichagua ya baba, mama naye atalikumbuka jambo hilo kama baba alivyoliona. Na kinyume chake. Lingine ni hili: diski ya baba ikifa, mmeondoka wote."

Gwamaka hakungoja hata amalize. "Tukiondoka wote nani atalalamika? Weka, mwanangu."

Mama Tupokigwe alikuwa anatoa majani makavu kwenye sufuria la maua, moja moja.

*

Siku ya pili asubuhi waliketi wote watatu mbele ya skrini. Subilaga hakuweza kuona kumbukumbu yenyewe. Alichoona ni siku, mahali, na majina ya waliokuwepo. Mashine ilizilinganisha nakala mbili, kisha wao wakaamua.

Ilianza kama karamu.

"Harusi," alisema Subilaga.

"Weka yake," wote wawili wakajibu kwa pamoja, wakatazamana.

"Mimi nakumbuka viatu tu," alisema Mama Tupokigwe. "Vilinibana kuanzia kanisani hadi usiku. Yeye aliniona mimi. Nataka kujiona."

"Na mimi shemeji zangu walinitisha, sikuinua macho," alisema Gwamaka. "Ukiweka yangu utaona sakafu."

Wakacheka hadi Mama Tupokigwe akafuta machozi. Harusi ikawekwa ya Gwamaka, yenye sakafu na vipande vya gauni jeupe. Ujenzi wa nyumba ukawekwa wa Gwamaka pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyejua bomba limepita wapi. Kuzaliwa kwa binti yao Nsajigwa kukawekewa nakala ya mama, hapo hapakuwa na mjadala. Ugomvi wa kiwanja na wakwe, Gwamaka alisema ufutwe wote, kwake na kwa mkewe. Mama Tupokigwe akakataa: "Ule nilishinda mimi. Weka wangu."

Mchana Gwamaka akatoka kwenda kutafuta maandazi. Hapo ndipo mashine ilipofika kwenye siku moja ya masika, miaka mingi nyuma, ikasimama na kuweka alama nyekundu. Nakala mbili hazikulingana. Waliokuwepo kwa mujibu wa baba: Tupokigwe, Gwamaka, Ipyana. Waliokuwepo kwa mujibu wa mama: Tupokigwe, Ipyana.

"Hiyo weka ya baba," alisema Mama Tupokigwe upesi mno.

Subilaga aliondoa mkono kwenye kibodi. "Mama, Ipyana ni nani?"

"Mwanetu wa kwanza. Alikuwa na miaka minne." Alisema bila kutetereka, kama anayesoma. "Kichomi. Gwamaka alivuka mto kwenda kutafuta dawa, nyuma yake maji yakabeba daraja. Mtoto akafariki mikononi mwangu. Yeye alifika kesho yake, tayari wameshamwosha."

"Lakini baba..."

"Baba ameandikwa akiwa pale, amemshika mkono. Najua. Tulipopona homa alinisimulia: unakumbuka nilivyomshika mkono, mama Ipyana? Nikasema ndiyo. Sijui ilikuwaje. Labda aliitamani kwa miaka mingi mpaka akaiamini, na siku walipomwandika ikatoka hivyo. Sasa wewe weka yake. Kuanzia kesho na mimi nitamkumbuka akiwa pale."

"Utaikumbuka siku hii ya leo. Utajua kwamba ulichagua."

"Na mazungumzo haya uyafute."

Nje watu walikuwa wanapita na mizigo ya soko, wakisalimiana kwa sauti. Subilaga alitazama ile alama nyekundu. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Hakuna ambaye angeumia. Mzee angebaki na faraja yake, na mama angeipata naye, na kile kilichotokea kweli kisingekuwa na mtu duniani wa kukidai. Aliona jinsi ilivyokuwa rahisi, na urahisi ule ndio uliomwogopesha.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Kumbukumbu ni yangu."

"Ni yako. Lakini diski ninayoiandika ni ya baba. Hicho ni kichwa chake. Siwezi kuingiza kitu humo, wala kuamua kisiingie, na yeye yuko nje ananunua maandazi."

Mama Tupokigwe alisimama. Hakuwahi kumpandishia sauti, na hata sasa hakuipandisha. "Wewe hujazika mtoto, Subilaga. Mwombe Mungu usije ukajua. Huyu mwanamume ana kitu kimoja tu cha siku ile cha kushikilia. Unataka nimnyang'anye, kwa sababu ya utaratibu wako?"

Subilaga aliinamisha kichwa, machozi yakimlenga. Alijua kwamba pengine mama yule alikuwa na haki, na bado mkono wake haukwenda kwenye kibodi.

"Kitu gani hicho?"

Gwamaka alikuwa mlangoni, mfuko wa maandazi mkononi. Hawakujua amesimama pale tangu lini. Akatazama skrini. Alikuwa mtu wa vipimo maisha yake yote, na majina yale hayakumchukua muda kuyahesabu.

"Mama Ipyana," alisema. "Mimi sipo hapo?"

Mkewe aliweka kiganja juu ya skrini, kama anayeificha.

"Niambie. Mimi nina hii moja tu kichwani, sina nyingine ya kulinganisha. Nilikuwepo au sikuwepo?"

"Daraja lilikuwa limeondoka," alisema Mama Tupokigwe. "Isingewezekana."

Gwamaka alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akaketi. Maandazi yakabaki mapajani. Alikaa hivyo muda mrefu, kidole gumba kikipapasa kiganja chake mwenyewe, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa akihisi vidole vya mtoto. Mama Tupokigwe alikwenda kusimama nyuma yake, akamwekea mikono mabegani.

"Ndiyo maana nilitaka iwekwe yako," alisema. "Ni nzuri kuliko yangu. Acha tuwe nayo wote."

"Hapana." Aliushika mkono wake mmoja. "Hapana, mama. Hebu fikiri. Kama mimi sikuwepo, mtoto alikuwa na mtu mmoja tu pale. Wewe. Ulichokiona wewe ndicho kilichomfika. Tukikifuta, tukaweka changu cha kubuni, Ipyana atakuwa amekufa peke yake." Akageuka kwa Subilaga. "Weka ya mama yake, siku ile na kesho yake."

"Baba, itakuwa ndiyo pekee utakayokuwa nayo. Hutaukumbuka tena ule mkono."

"Nimesikia."

"Na wewe, mama?"

Mama Tupokigwe alikuwa analia kimya. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo. Subilaga akaweka.

*

Kunakili kulichukua mchana wote na asubuhi iliyofuata. Diski ya mama ilikuwa inapata moto, kwa hiyo Subilaga aliisoma kidogo kidogo na kuipepea kwa kipande cha boksi, kijiti kikiwa sikioni. Mara mbili ile sauti ya kusaga ilipanda juu akashika pumzi. Mara zote mbili ikashuka. Lwitiko alipofika kuandaa swichi za mgao, hakuuliza kitu. Alichukua boksi mkononi mwake, akapepea yeye.

Kipande cha mwisho kilipovuka, Subilaga alikagua nakala, akaikagua tena, kisha jioni akawaita wenyewe. Walikuja wameshikana mikono. Mama Tupokigwe alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

"Nitazima sasa," alisema Subilaga. "Utapotea kidogo, mama. Halafu utarudi upande wa pili."

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema Mama Tupokigwe, ndiyo shukrani ya kwao, na kwa shukrani ile yale maneno makali ya jana yakawa yamekwisha.

Subilaga akazima. Diski ilizunguka kwa mazoea, ikapungua, ikapungua tena, ikatoa mkwaruzo mmoja mfupi, ikasimama. Mama Tupokigwe akawatazama wote mmoja mmoja kwa adabu, kama mtu aliyefika ugenini. Akautazama mkono wa mwanamume aliyemshika, akajaribu kuuondoa wake taratibu. Gwamaka hakumwachia, lakini hakumkaza.

Subilaga akaunganisha vipokezi vyote viwili kwenye diski moja.

Sauti ya diski ya Gwamaka ilibadilika kidogo, ikawa nzito kama ya mtu aliyeongezewa mzigo begani, kisha ikatulia. Mama Tupokigwe akavuta pumzi ndefu. "Gwamaka," alisema, "kumbe lile gauni lilinipendeza hivyo!"

Lwitiko aliangua kicheko. Subilaga naye akacheka huku anajifuta macho kwa mkono wa sweta. Kisha Lwitiko, kwa kuwa alikuwa mhandisi na alitaka kujua, aliigusa ile diski ya mama iliyosimama, akajaribu kuiwasha. Mota ilishtuka, ikatetemeka, sahani hazikuondoka zilipolala. Akajaribu mara nyingine, akaacha. Hapangekuwa na kurudi.

Gwamaka pekee ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa ameketi, ametazama sakafu, na uso wake ulikuwa unapita kutoka jambo moja hadi jingine kama wa mtu anayesoma habari ngumu. Wakamwacha. Hatimaye akainua kichwa.

"Nimeiona," alimwambia mkewe. "Nimemwona mtoto. Halafu nimejiona mimi, naingia asubuhi, nimelowa, chupa ya dawa mkononi. Hapo niliogopa kuendelea kukumbuka. Nilijua nitakuta umenikasirikia."

Mama Tupokigwe aliinamia pindo la nguo yake ya kanisani, akalikunja.

"Ulifurahi," alisema Gwamaka kwa mshangao. "Mtoto amelala pale amefunikwa, na wewe uliponiona mlangoni moyo wako ukaruka kwa furaha. Nimeihisi hapa."

"Walikuwa wameniambia mto umekuchukua," alisema Mama Tupokigwe kwa sauti ndogo. "Usiku kucha nilijua nimewapoteza wawili. Ukaingia. Na mimi nikafurahi, siku ile, mtoto wangu hajazikwa. Mama gani anafurahi siku kama ile? Sikuweza kukwambia. Sikumwambia mtu."

Kumbe furaha hiyo ndiyo aliyotaka ifutwe.

Gwamaka aliinuka, akaenda akasimama mbele yake, mzee kwa mzee. Lwitiko alikuwa ameshavaa kofia yake, akatoka polepole kwenda kupunguza umeme wa nyumba kwa ajili ya hospitali. Rafu nzima ikashuka sauti, diski moja baada ya nyingine, isipokuwa ile ya Gwamaka ambayo Subilaga aliiweka kwenye betri hadi wafike nyumbani, na chumba kikawa kimya kuliko Subilaga alivyowahi kukisikia.

"Basi sasa furaha hiyo ni yetu wawili," Gwamaka alisema. "Twende nyumbani."

Wakatoka wakitembea polepole, na walipofika barabarani Mama Tupokigwe alikuwa ameshaanza kumsimulia kitu, na Gwamaka anaitikia kwa kichwa, ingawa hadithi yenyewe tayari alikuwa anaijua.